Uji wa Kumwona Mgonjwa

Mume wangu alianza kuugua kwenye viatu. Sijui kama hivyo ndivyo inavyoandikwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa, huku kwetu Umeruni, upande wa Githongo, na kazi ya mizani ni ya kusimama. Msimu wa kuchuma ulipofika akawa anarudi jioni amekanyaga visigino vya viatu, anaviburuta kama makubadhi. Nikamwambia, "Unaharibu viatu."

Akasema, "Vimekuwa vidogo, mama watoto. Au mimi ndiye ninakua tena."

Tulicheka. Naandika kwamba tulicheka kwa sababu ni kweli, na sitaki mtu adhani nilijua kitu.

Hata watu wengine walifurahi. Ilikuwa ile miaka ya ugonjwa wa kukonda, ugonjwa ambao hatukupenda kuutaja jina, na mtu akikonda kidogo tu alikuwa anaangaliwa mashavu kanisani. Aliyenenepa alikuwa salama. Wakulima waliosimama na magunia yao mbele ya mizani walikuwa wakimgusa tumbo na kumtania, "Karani, tulikuwa tunajiuliza kilo zetu zinaenda wapi. Kumbe ziko hapa!" Naye alikuwa akiwajibu, "Panda basi juu ya mizani, na wewe nikupime, tuone ni nani ameiba." Hakuwa mwizi wa kilo. Nasema hivyo si kwa sababu alikuwa mume wangu. Kiwanda kile kilikuwa na makarani wengine, na watu walijua foleni ya nani ni ya kupanga.

Kisha akaanza kukohoa akilala. Akawa analala ameketi, ameegemea ukuta na gunia lililojaa maganda ya maharagwe, na akipanda kutoka mtoni anasimama mara nyingi akijifanya anaangalia kahawa ya watu. Zahanati yetu ilimpa dawa ya kifua, halafu dawa ya malaria, halafu dawa ya kifua tena. Simlaumu yule nesi. Alikuwa peke yake na watu walijaa mpaka nje kwenye nyasi, na wengi wao kweli walikuwa na malaria na kifua. Kama ningekuwa mimi ningempa dawa hiyo hiyo.

Tulipofika hospitalini alikuwa amevimba mpaka mapajani. Ukibonyeza mguu kwa kidole shimo linabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Walimpiga picha ya kifua, na daktari mmoja kijana akatuonyesha ile picha dirishani, mimi na kaka mkubwa wa mume wangu.

"Moyo wake umekuwa mkubwa," akasema.

Kaka mtu akauliza, "Sasa mkubwa si ndio wenye nguvu? Ng'ombe mkubwa si ndiye anavuta mkokoteni?"

Daktari hakucheka. Akasema, "Mzee, umeshaona mpira wa manati uliovutwa siku nyingi? Umekuwa mrefu lakini haurudi. Huu moyo umetanuka, hausukumi. Ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu."

Nilielewa. Mara nyingi mtu akinieleza jambo naitikia tu, lakini hilo nililielewa. Akatwambia kutakuwa na vidonge vya kutoa maji, vya kumeza kila siku, si mpaka apone, bali siku zote. Chumvi asiguse. Na vitu vya majimaji vipunguzwe sana.

Nikauliza, "Na uji?"

"Uji ni maji pia, mama."

Alikuwa akiitwa kutoka wodi nyingine wakati anasema hayo, akaondoka. Nimefikiria baadaye kwamba labda angesema zaidi. Labda angekaa chini akamwambia yule kaka mtu, kwa sababu nyumbani neno la kaka mtu ni neno. Lakini alikuwa akiitwa.

Vile vidonge vilifanya kazi. Alikojoa mpaka akaona haya, na kila asubuhi nilikuta mguu umepungua. Kisha nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Chini ya yale maji mtu alikuwa amekwisha. Mbavu zilikuwa nje, mabega yamekuwa kama ya mtoto, suruali aliyokuja nayo ilimzunguka. Yale maji ndiyo yaliyokuwa yakimfanya aonekane ni yeye. Daktari akafurahi sana, akasema, "Amekauka vizuri, nendeni nyumbani."

Tukaenda nyumbani na mtu aliyekauka vizuri.

Hapa inabidi nieleze jinsi sisi tunavyomwona mgonjwa, ingawa wa kwetu wanajua. Huendi mikono mitupu. Mwanamke akienda kumwona mgonjwa anapika uji, sisi tunasema ucuru, wa wimbi na mtama uliochachuka vizuri, anautia kwenye thamosi, anafunga na kitambaa. Mkifika mnaomba, halafu kila mmoja anamimina wake, na mgonjwa anakunywa wa kila mmoja. Si lazima amalize vikombe vyote, lakini lazima kila mkono auonje, na vizuri zaidi ni thamosi irudi nyepesi. Mgonjwa akikataa uji wako, ni kama amesema mkono wako una kitu. Hakuna atakayelisema kwa sauti, lakini utabeba hiyo thamosi nzito mpaka kwako, na ukikutana na watu njiani wataona jinsi inavyobebwa. Wanaume nao wanaleta supu ya mifupa, na supu bila chumvi wanaona ni maji ya kuoshea sufuria.

Si desturi mbaya. Nilipojifungua mara ya kwanza nikatokwa na damu nyingi, ni uji wa wanawake hao ulionisimamisha. Mimi mwenyewe nimepeleka thamosi nyumba nyingi na nimefurahi zikirudi nyepesi.

Basi kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuja, mwenyekiti wao mbele. Mwenyekiti huyo alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti, mjane, aliyelima shamba lake kuliko wanaume wengi. Aliingia, akamwona mume wangu kwenye kiti, akasimama mlangoni.

"Bwana Yesu! Karani, hospitali wamekufanya nini? Tulipeleka mtu, wameturudishia fimbo!"

Mume wangu akasema, "Wamenipima kwa mizani yao. Kumbe ile yangu ilikuwa na makosa."

Walicheka, lakini niliona macho yao. Walikuwa wakiangalia mashavu. Najua walichofikiria, kwa sababu mimi pia ningekifikiria.

"Huyu tutamrudisha mwili," mwenyekiti akasema. "Mama, leta vikombe. Vikombe vikubwa."

Nikasema, nadhani nilisema, kwamba daktari amekataza vitu vya majimaji vingi. Pengine nililisema polepole. Mwenyekiti akanijibu, na hakunijibu kwa ubaya, "Daktari amesoma, lakini hajapika. Mtu atajengwa na nini, na hewa?" Na mwingine akasema, "Si ni hao hao madaktari waliomkausha hivi?" Na ni kweli ndio waliomkausha.

Mume wangu akanywa. Alikunywa wa kila mmoja, akausifu wa kila mmoja kwa namna yake, huu una ndimu, huu umechachuka kama wa mamangu. Wakaimba, wakaenda na thamosi nyepesi. Na juma lililofuata wakaja wengine, maana tuna majirani wengi na ndugu wengi, na karani wa mizani anajulikana na kila mtu. Ilikuwa heshima. Baada ya muda mashavu yakajaa. Kanisani watu wakampa mkono, "Ahaa, sasa umerudi! Asifiwe Bwana." Mwenyekiti akanikonyeza.

Nami nikarudi nyumbani nikambonyeza mguu, na shimo likabaki.

Ikawa hivyo miaka kadhaa. Anakaushwa, anarudi, anajazwa, anavimba, tunampeleka tena. Kila mara moyo ulikuwa umepoteza kitu ambacho haukukirudisha, hata mimi niliweza kuona. Mara ya kwanza alirudi kazini. Mara iliyofuata alirudi kazini lakini akawekewa kiti. Halafu kiti kikabaki na mtu mwingine akakikalia.

Sitaki kusema uji ndio uliofanya yote. Kuna nyakati vidonge vilikosekana. Unafika kwenye dirisha la dawa unaambiwa, "Vimekwisha, nunua nje," na nje ni mjini, na kahawa ilikuwa imeanguka bei mpaka watu wanang'oa miche wapande mahindi. Nyakati hizo alikuwa akimeza nusu, ili visikatike. Kuna pia siku za kwenda kliniki ambazo hakumeza kabisa, kwa sababu kidonge kikishuka ni lazima ukojoe, na safarini utamwambia nani asimamishe gari? Kwa hiyo alifika mbele ya daktari amevimba kwa ajili ya safari ya kwenda kwa daktari. Nikiweka vyote kwenye mizani sijui kipi kilikuwa kizito.

Kitu kingine nilichokiona, na hapa naogopa kusema mambo ya watu waliosoma, ni ile wodi. Mara ya kwanza tulipolazwa, wodi ya wanaume ilijaa malaria na vifua, na watu wa moyo walikuwa wachache. Unawajua kwa sababu hawalali, wanakaa, na wote wanataka kitanda cha karibu na dirisha, wanatafuta hewa. Kila tuliporudi watu wa dirishani walikuwa wameongezeka, mpaka madirisha hayakutosha. Na hawakuwa wazee tu. Kulikuwa na vijana ambao, walisema, waliumwa koo na magoti utotoni na hakuna aliyejua inaenda moyoni. Upande wa wanawake kulikuwa na waliojifungua majuzi, mtoto mikononi na miguu imevimba. Na ukiwauliza manesi, yule tuliyekuwa naye mara ile, mwenye kofia ya sufu, yuko wapi? wanakwambia, "Alienda." Baadaye nikaacha kuuliza.

Lakini nataka kuwa wa haki. Pengine hawakuongezeka. Pengine zamani walikuwa wakifia nyumbani, na sisi tukasema ni kifua, au ni maji, au amewekewa kitu, tukazika. Labda ni mimi niliyekuwa nimejua kuwaona. Nilisikia kwamba huko Nairobi, na huko ng'ambo zaidi, mtu anaishi na ugonjwa huu mpaka anazeeka nao. Sijaona kwa macho yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba sisi tuliketi kwenye lile benchi la kliniki kwa miaka, na kwenye benchi lile hakuna aliyezeeka.

Ikafika siku nikaamua kusema. Mume wangu alikuwa ametoka hospitalini tena, na safari hii daktari mwingine, mwanamke, aliniambia wazi, "Mama, akijaa tena hivi sijui kama tutamwokoa." Nikamshukuru kwa kuniambia. Kwa hiyo kikundi kilipokuja niliwapokea uani, kabla hawajaingia, nikasimama mlangoni. Sikuwahi kufanya jambo kama hilo.

Nikasema, "Akina mama, nawashukuru. Karibuni, ingieni, tuombe. Lakini uji naomba mrudi nao. Unamuua."

Nikasikia neno lilivyotoka. Nilitaka kusema majimaji yanamuua. Nikasema uji. Na uji walikuwa wameubeba wao.

Mwenyekiti aliangalia thamosi yake. Kisha akasema polepole, yeye ambaye hakuwahi kusema polepole, "Uji wangu unamuua?"

"Si wako, mama. Uji wowote. Hata wangu."

"Wako humpi?"

"Simpi."

"Basi unampa nini, mama? Maana mtu huyu amebaki ngozi." Akawageukia wenzake. "Twendeni. Tumeambiwa."

Wakaingia, ni lazima niseme, wakaomba maombi mafupi. Hawakuwa watu wa kuondoka bila kuomba. Lakini hawakuketi.

Baada ya hapo hawakuja tena. Wala majirani. Neno lilienda, na sijui lilifika likiwa na umbo gani. Wengine walisema mke wa karani anaogopa wanawake wamroge mumewe. Wengine, nafikiri, walisema nataka afe haraka. Na wengine walikaa mbali kwa heshima tu, kwa sababu huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kama umekatazwa kubeba, basi umekatazwa kwenda. Hawa ndio wengi, na sina neno nao.

Alikauka, na safari hii akabaki amekauka. Mguu ukawa mguu. Nilifurahi, nikambonyeza kila asubuhi na hakukuwa na shimo. Lakini nyumba ilinyamaza. Kiti chake kilikuwa kwenye ukumbi wa mbele, na barabara ya kwenda kanisani inapita chini ya shamba letu. Alikuwa akiwasikia wakipita wakienda kumwona mtu mwingine, thamosi zinagongana na mwenyekiti anacheka kwa sauti yake, naye anageuza kichwa kuufuata ule mlio mpaka unapotelea kwenye migomba.

Akaacha kula. Nikimletea ndizi zisizo na chumvi anazisogeza. Akaacha kunitania. Siku moja nikamwambia, "Lakini umepata nafuu, huoni? Unapumua."

Akasema, "Umenifungia zizini kama ng'ombe wa zero, mama watoto, asiyetoka kwenda malishoni. Naletewa majani, nachunguzwa miguu. Hata ng'ombe anatembelewa na mtu wa maziwa."

"Nataka uishi."

"Najua. Mimi pia." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuwa mtu wa mizani. Siku nzima watu walikuwa mbele yangu. Sasa nikifa hapa nitakuwa nimekufa zamani."

Nikalia jikoni, kwa sababu ya moshi, nilimwambia. Sijui hata leo kama alikuwa ananiomba au ananiaga. Nilichokijua ni kwamba daktari alisema jambo la kweli na mume wangu alisema jambo la kweli, na kweli hizo mbili hazikutoshea ndani ya nyumba moja.

Yeye mwenyewe akatuma ujumbe kwa mwenyekiti. Hakunificha. Alisema, "Nimewaita, waje na kila kitu."

Nilidhani mwenyekiti angekataa, ili anionyeshe. Hakukataa. Alikuja na kikundi kizima, amevaa kitambaa kipya kichwani, na alipopita karibu nami akanishika mkono wa juu akaufinya, si kwa hasira. Ndani akasema, "Karani, tumesikia umetoka jela."

"Nimeachiliwa kwa dhamana," akasema mume wangu.

Alikunywa. Aliwauliza habari za kila mmoja, nani ameolewa, ng'ombe wa nani amezaa, nani amemtukana meneja wa kiwanda. Mwenyekiti aliiga jinsi meneja anavyotembea, na mume wangu akacheka mpaka tukampiga mgongoni. Mimi niliosha vikombe na kuvirudisha mezani. Ndiyo kazi niliyofanya siku ile. Sikumwona akicheka hivyo tena.

Maji yalirudi upesi kuliko mara zote, na vidonge havikuyashika tena. Binti yetu, ambaye alikuwa mshonaji nguo mjini Embu na alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majimbo, alikuja na gari la kukodi akasema, "Mama, huku mmejaribu. Twende huko chini nikiwa karibu." Tukaenda. Hospitali tuliyoingia sitaitaja, kwa sababu nikiitaja nitakuwa naionea. Wakati huo zilikuwa hivyo zote nilizoziona. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja, na mume wangu akapewa nusu.

Nusu nyingine ilikuwa ya mzee wa Kiambere, Mmbeere mfugaji wa mbuzi, naye pia wa moyo. Wagonjwa wengine wanaogawana kitanda hulala mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Hawa wawili hawakuweza kulala. Waliketi, mmoja ameegemea chuma cha juu na mwingine chuma cha chini, wanatazamana, miguu yao minne iliyovimba imepangwa katikati kama kuni. Ungedhani wanacheza drafti.

"Nyinyi Wameru," yule mzee alimwambia siku ya kwanza, "mna hasira nyingi, ndiyo maana mioyo inavimba."

"Na wewe umevimba kwa nini, Mmbeere? Wewe huna hasira hata ya kufukuza kuku."

"Mimi nimetoka kando ya bwawa la umeme. Maji yameamua kunifuata."

"Iambie basi serikali ije iweke mtambo hapa kitandani. Tutoe umeme."

"Wasiweke. Umeme wenyewe unapita juu ya vichwa vyetu huko kwenda kwa wengine. Hata huu utapita."

Waliongea mpaka pumzi inakwisha, wananyamaza wote wawili, vinywa wazi, kisha mmoja anaanza tena. Mke wa yule mzee alikuwa mbali, na nilipoleta chakula cha mume wangu nilileta cha wote wawili. Nesi wa wodi ile alikuwa mama mwenye miguu iliyochoka, lakini kila alipopita aliwaweka mito vizuri. Siku moja aliniambia, "Hawa wako wananichekesha. Lakini mama, usitoke mbali." Nililielewa hilo pia.

Asubuhi niliyokuja kutoka Majimbo na viazi vilivyochemshwa, yule mzee wa Kiambere alikuwa ameketi mahali pake, magoti yamevutwa kifuani kadiri tumbo lilivyomruhusu. Upande wa pili kulikuwa na blanketi tu, letu, lile tulilotoka nalo nyumbani.

"Kaa hapa kwanza, mama," akasema.

Nikakaa.

"Aliniambia nisogeze miguu, inambana. Nikasogeza. Nikamwambia, Wameru mnapenda mashamba makubwa. Hakunijibu. Nikadhani anatafuta pumzi, kama kawaida yetu. Nikamsubiri." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimsubiri sana, mama. Nilikuwa na neno lingine la kumwambia."

Nikamuuliza kama aliumia. Akasema hajui. Nilishukuru kwamba alisema hajui.

Nesi alikuja akanishika bega, akanieleza walikompeleka na mtu nitakayemwona huko. Akasema moyo ulikuwa umechoka, kwamba hata angeletwa mapema labda ingekuwa hivyo. Labda alisema hivyo kwa huruma. Nilitaka kumuuliza kuhusu uji, nikaona atanijibu kwa huruma tena, nikaacha. Sijamuuliza mtu mwingine. Kuna siku nadhani nilimwua kwa kuwafukuza, na kuna siku nadhani nilimwua kwa kuosha vile vikombe, na zote mbili haziwezi kuwa kweli, lakini zinakuja zote mbili.

Nilisimama nikaanza kukunja blanketi. Sikuwa nimemaliza walipomleta mwingine, kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa kijana, mdogo kuliko binti yangu, uso umejaa na kung'aa, anavuta hewa kwa mdomo. Mkewe alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, anaangalia kila mahali kwa haraka, jinsi nilivyoangalia mimi mara ya kwanza. Akaona nusu ya kitanda iko wazi, akaniona mimi na blanketi, na uso wake ukafunguka.

"Mama, mzee wako ameruhusiwa kwenda nyumbani?"

Mzee wa Kiambere akaangalia mikono yake.

"Ndiyo," nikasema.

"Asifiwe Mungu," akasema yule msichana, na akainama kumsaidia mumewe kupanda.